Seli shina, shimesikio, kipandikizi au lugha ya alama: ulinganisho kwa anayechagua akiwa Iringa, Njombe au Mbeya

Swali ambalo wazazi wenzangu huku Nyanda za Juu Kusini wanauliza sana sasa ivi ni hili: mtoto hasikii, tumesikia kuna tiba ya stemu seli (seli shina) inakuja, je tusubiri hiyo, au tununue mashine ya kusikia (shimesikio), au tuanze kutafuta hela ya operesheni ya kupandikiza kifaa, au tumpeleke shule ya viziwi akajifunze alama? Na sio wazazi wa watoto tu. Kuna mafundi wa mbao wa Mafinga wanaoulizia baada ya miaka mingi kwenye dingdong, zile mashine za kupasulia mbao, kuna vijana waliotoka Chunya kwenye makarasha ya dhahabu, mitambo ya kusagia mawe, kuna wazee walioonyeshwa na wajukuu video ya mtu anayedai kasikia tena kwa sindano moja. Nimeziweka hizi njia nne sambamba maana ukizisoma mojamoja kila moja inaonekana ndo yenyewe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Utafiti wa seli shina naufuatilia kwa moyo wote na natamani siku moja umfikie mtu wa Makete kama utakavyomfikia mtu wa London. Ila kusubiri nako ni uamuzi na una gharama yake, hasa kwa mtoto mdogo, na hiyo gharama wengi hawaipigii hesabu kabisa.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale: inagusa nini ndani ya sikio, inapatikana wapi leo, inataka hela kiasi gani mwanzoni na baadaye, umri na muda una uzito gani, hatari zake ni zipi, na inamfaa nani.

Lakini kabla ya vigezo vyote kuna kipimo. Uziwi hauna sura moja. Usaha wa muda mrefu, ngoma iliyotoboka, nta iliyoganda, haya ni mambo ya sikio la nje na la kati, mengi yanatibika kwa dawa, kusafishwa au operesheni ya kuziba ngoma, na hayana uhusiano wowote na seli shina. Wapo watu wanasubiri tiba ya maabara wakati shida yao inaweza kumalizwa na dokta wa masikio, pua na koo. Kwahiyo anza hospitali ya rufaa, Mbeya pale Kanda au Iringa pale mkoa, uombe kipimo cha usikivu chenye karatasi ya matokeo ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti). Mtoto mdogo asiyeweza kujibu anapimwa akiwa amelala, wanambandika vinasio kichwani na mashine inasoma kama mawimbi ya sauti yanafika kwenye ubongo. Kama hicho kipimo hakipo hapo ulipo omba rufaa, usikubali kuambiwa mtoto ni mdogo rudi akikua, maana hata kichanga kinapimika.

Inagusa nini ndani ya sikio

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye ufunguo wa yote.

Ndani kabisa kuna koklea, mfereji uliojiviringa ambao wote mzima ukubwa wake ni kama wa njegere, umefichwa ndani ya mfupa mgumu kuliko mifupa yote ya mwili. Humo kila sikio linazaliwa na takribani seli vinyweleo 15,000 zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme wa neva (mshipa wa fahamu). Kelele zinaziua, homa ya uti wa mgongo inaziua, uzee unazipunguza, na kuna dawa kama streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini zinazoweza kuziua pia (WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2018 imeacha kuipendekeza kanamaisini kwa TB sugu, na uziwi ni moja ya sababu). Zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kwa kuku zinaota! Watafiti wa Marekani walithibitisha miaka ya 1980 kwamba ndege aliyeharibiwa usikivu kwa kelele au dawa anaotesha seli mpya ndani ya wiki chache na anarudi kusikia, na kuanzia hapo swali likawa mbona sisi tunashindwa.

Shimesikio inachofanya ni kukuza sauti, basi. Inategemea seli zilizobaki, kwahiyo mtu mwenye seli za kutosha inamsaidia sana na mtu ambaye karibu zote zimekufa anasikia kelele bila maneno. Kipandikizi cha koklea kinazivuka hizo seli kabisa: waya mwembamba wenye elektrodi, yaani vituo vidogo vya kutoa umeme, unaingizwa ndani ya koklea na unapeleka umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia, huku kuna kifaa cha nje kinachoshikwa na sumaku nyuma ya sikio. Neva ikiwa haipo au imekufa kipandikizi hakina pa kushika. Lugha ya alama haigusi sikio, inagusa kile sikio lilikuwa linapeleka, yaani lugha, na ubongo wa mtoto haubagui lugha imeingilia masikioni au machoni.

Seli shina sasa. Hizi ni seli ambazo hazijaamua zitakuwa nini, ukizilea maabara kwa mpangilio sahihi zinaweza kugeuka seli za moyo, ngozi, neva, na hata za sikio. Watu wanazungumza kana kwamba ni tiba moja wakati kuna njia tatu tofauti na kila moja imefika pake.

Ya kwanza ni kutengeneza seli vinyweleo zenyewe. Timu ya Stefan Heller pale Stanford ilionyesha 2010 kwamba seli shina za panya zinaweza kugeuzwa kuwa seli zenye vinyweleo vinavyoitika vikiguswa, na timu ya Chuo Kikuu cha Indiana ikaotesha 2013 vipande vidogo vya sikio la ndani maabara, kwanza kwa seli za panya, 2017 kwa za binadamu. Kazi kubwa sana hiyo. Ila kutoka kwenye sahani ya maabara hadi ndani ya koklea ya mtu ni mbali: majimaji ya mle ndani yana potasiamu nyingi inayoua seli ngeni, na hata seli ikipona lazima ikae kwenye mstari wake, ielekee upande sahihi, na iungane na neva.

Ya pili ni kurudisha neva, na hii ndo inayonipa matumaini zaidi. Mwaka 2012 timu ya Marcelo Rivolta, Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, ilichukua seli shina za binadamu, ikazigeuza kuwa seli changa za neva ya kusikia, ikazipandikiza kwenye wanyama wadogo wa jamii ya panya waliokuwa wameharibiwa neva. Usikivu wao ulirudi kwa wastani wa asilimia 46. Sio wote sawasawa, wengine sana wengine kidogo, lakini ulirudi. Kampuni iliyozaliwa na kazi ile, Rinri Therapeutics, ilipata kibali mwaka 2025 cha kuanza jaribio la kwanza kwa binadamu huko Uingereza, na zingatia hili: ni kwa watu wazima wanaowekewa kipandikizi, seli zinawekwa katika operesheni hiyohiyo. Yaani hata wanasayansi wenyewe hawajaweka seli shina upande mmoja na kipandikizi upande mwingine kama mahasimu.

Ya tatu ni kuziamsha seli saidizi ambazo tayari zimo ndani ya sikio zigeuke, kama zinavyofanya za kuku. Dawa iliyoitwa FX-322 ya kampuni ya Frequency Therapeutics ilidungwa sikioni, majaribio ya mwanzo yakaleta shangwe, alafu Februari 2023 jaribio kubwa zaidi likaonyesha waliopata dawa hawakuwazidi waliopata sindano isiyo na dawa. Kampuni ikaiacha. Nalitaja hili kwa sababu kule kwenye video huwa zinasambaa shangwe tu, matokeo ya mwisho hayasambai.

Na ile habari ya watoto wa China waliosikia? Ile ni kweli, ila sio seli shina, ni tiba ya jeni, yaani ya vinasaba vya kurithi. Januari 2024 madaktari wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, walitoa matokeo ya watoto 6 waliozaliwa na hitilafu ya jeni inayoitwa OTOF, na 5 kati yao walianza kusikia. Inawahusu wenye hitilafu hiyo ambao ni sehemu ndogo ya watoto wanaozaliwa viziwi. Mtoto aliyeziwika kwa homa ya uti wa mgongo haimhusu.

Inapatikana wapi leo

Shimesikio zipo. Mikoani zinapatikana kwa kusuasua, wengine wanazipata kwenye kambi za wafadhili, wengine wanaagiza Dar. Kipandikizi kilianza kuwekwa Muhimbili mwaka 2017, kabla ya hapo watoto walikuwa wanapelekwa India, na kwa mtu wa Mbeya hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kila unapoitwa. Utaitwa mara nyingi, maana operesheni ni mwanzo tu, kuna kuwasha kifaa wiki chache baadaye, kuna kukirekebisha tena na tena, kuna mazoezi ya kusikia na kuongea yanayokwenda miaka.

Lugha ya alama iko karibu kuliko watu wanavyodhani. Njombe kuna shule ya msingi ya viziwi, Iringa kuna Mtwivila, na CHAVITA, chama cha viziwi, kinaweza kukuunganisha na watu wa mkoa wako. Kama hujawahi kuona viziwi watu wazima wakiwa kazini nenda Neema Crafts pale Iringa mjini, iliyoanza 2003, ukakae mgahawani uagize chakula kwa ishara au kwa kuandika kwenye karatasi. Nawashauri sana wazazi wapya waende pale, sio kwa sababu chakula ni kizuri (ni kizuri) ila mzazi anayeogopa anahitaji kumwona kijana kiziwi mwenye kazi na mshahara, anayecheka na wenzake.

Seli shina kwa ajili ya kusikia hazipatikani hospitali yoyote duniani kama tiba iliyoidhinishwa. Zipo kwenye utafiti.

Hela

Shimesikio inaanzia laki kadhaa na kupanda mpaka mamilioni kwa sikio moja, alafu betri. Betri zile ndogo za duara zinakaa wiki moja mpaka mbili hivi, na mtoto anayekua anahitaji moldi mpya ya sikio, kile kipande kinachoingia sikioni, kila baada ya miezi kadhaa maana ya zamani inalegea na mashine inaanza kupiga mluzi. Ukisikia mluzi usiipunguze sauti ukadhani umemaliza, ni moldi hiyo. Huku kwetu kwenye ukungu na mvua kuna adui mwingine, unyevu. Zile pakti ndogo za chembechembe zinazokuja ndani ya boksi la viatu vipya usizitupe, weka mashine usiku kwenye kikopo chenye kifuniko pamoja na pakti mbili tatu, mlango wa betri ukiwa wazi, na kikopo kikae mbali na mtoto mdogo maana betri zile akimeza ni hatari kubwa.

Kipandikizi ni makumi ya mamilioni. Kuna nyakati serikali na wafadhili wamebeba gharama kwa baadhi ya watoto, kwahiyo usikate tamaa kwa kusikia bei, ulizia ustawi wa jamii wa hospitali na uingize jina kwenye orodha. Ila piga hesabu ya mbele pia: waya wa nje unakatika, betri zinaisha, kifaa cha nje baada ya miaka kinachoka, na nauli. Familia ikipata operesheni bure alafu ikashindwa vipuri, mtoto anabaki na kifaa kichwani kisichosema kitu.

Lugha ya alama gharama yake kubwa ni muda wa familia nzima. Mama akijifunza peke yake haitoshi, baba, bibi, ndugu, wote.

Jaribio halali la seli shina mgonjwa hatozwi hela ya tiba. Watu wa Mbeya mnaijua hii kupitia majaribio ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, pale mjini, unaelezwa, unasaini fomu ya ridhaa, unaruhusiwa kujitoa wakati wowote. Anayekutajia bei ya sindano ya seli shina ya kurudisha usikivu anakuuzia kitu ambacho hakijathibitishwa.

Umri na muda

Kwa mtoto aliyezaliwa hasikii, au aliyeziwika kabla ya kuongea, ubongo unajenga lugha kwa kasi miaka ya mwanzo, mitano hivi ya kwanza. Kipandikizi kinafanya vizuri zaidi kikiwekwa kabla ya miaka mitatu, na kadiri mtoto asiyewahi kusikia anavyozidi kukua ndivyo faida ya maneno inavyopungua. Alama nazo akianza mapema ni bora. Na hakuna ushahidi kwamba alama zinamzuia mtoto kuongea, huo uoga umewacheleweshea watoto wengi sana lugha yoyote ile, na mtoto asiye na lugha yoyote akiwa na miaka sita anaumia kuliko mtoto asiyesikia. Ukisubiri seli shina miaka kumi bila kumpa kitu kingine, hata tiba ikifika itakuta sikio ambalo ubongo wake haujui maneno ni nini.

Mtu mzima aliyekuwa anasikia na kuongea hali yake ni tofauti, lugha anayo tayari, kwahiyo kwake mwaka mmoja au miwili ya kufikiria haina madhara makubwa kama kwa mtoto. Isipokuwa baada ya homa ya uti wa mgongo: koklea inaweza kujaa mfupa ndani ya wiki au miezi, na ikijaa waya haupiti. Hapo ni haraka kwa mtoto na kwa mkubwa.

Hatari

Shimesikio hatari yake ni ndogo, nyingi ni za kufungwa vibaya, sauti kupita kiasi au sikio kuota usaha chini ya moldi. Kipandikizi ni operesheni ya nusu kaputi, kinaweza kuharibu usikivu mdogo uliobaki kwenye sikio hilo, na aliyewekewa anatakiwa apate chanjo za kumkinga na uti wa mgongo. Alama hazina hatari ya mwili, hatari yake ni kumjifunzisha mtoto alafu nyumbani hakuna anayezijua.

Seli shina: hofu ya kweli ya wanasayansi ni seli kukua bila mpangilio na kuwa uvimbe, na mwili kuzikataa hadi mtu atumie dawa za kushusha kinga. Ndo maana wanaenda polepole. Alafu kuna hizi pakti za unga zinauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, Mwanjelwa pale Mbeya zipo, Iringa zipo, zimeandikwa stemu seli na muuzaji anaapa zinarudisha masikio, macho, figo, kila kitu. Kitu unachokunywa kinaenda tumboni kinamengenywa kama chakula kingine, hakuna seli inayotoka kwenye kikombe ikajipanga ndani ya koklea. Nimeona familia inauza mahindi ya msimu mzima kununua boksi za huo unga wakati hela ileile ingetosha mashine ya kuanzia, na inaniuma sana.

Inamfaa nani

Shimesikio: mwenye usikivu uliobaki wa kutosha, kiwango kidogo mpaka kikubwa kwenye karatasi ya desibeli, na mtu wa kuitunza. Kipandikizi: aliyeziwika sana ambaye mashine haimsaidii, mwenye neva nzima, na familia inayoweza kurudi Dar na kufanya mazoezi kila siku. Alama: mtoto yeyote kiziwi, awe na kifaa au asiwe nacho, na mtu mzima anayetaka kuwa na watu wake. Utafiti wa seli shina: mtu mzima anayekidhi masharti ya jaribio husika, anayekubali kwamba anaweza asipate faida yoyote yeye mwenyewe.

Kulingana na hali yako

Mtoto chini ya miaka mitatu, kipimo kinaonyesha hasikii kabisa: anza alama nyumbani wiki hii, jaribu shimesikio huku unafuatilia Muhimbili. Hayo matatu yanakwenda pamoja, wala hayagombani.

Mtoto wa miaka minane ambaye hajawahi kusikia: mimi ningeweka nguvu kwenye shule yenye alama, na kipandikizi ningekiulizia kwa dokta bila kukopa kwa ajili yake mpaka anieleze wazi mtoto huyu atapata nini.

Mtoto ametoka kuugua uti wa mgongo: kipimo cha masikio kabla ya kuruhusiwa au mara tu baada yake, na ikionekana hasikii omba rufaa ya haraka, taja neno haraka.

Fundi wa mbao au mchimbaji ambaye masikio yanavuma na maneno yanampotea kwenye kelele: wewe shimesikio huenda ikakutosha, ila kwanza zuia. Wataalamu wa usalama kazini wanasema desibeli 85 mwisho ni saa 8 kwa siku, na kwenye desibeli 100, kiwango ambacho msumeno wa mbao unaweza kufika, ni kama dakika 15 tu. Vaa kinga ya masikio kuanzia unapowasha injini, pamba na vitambaa havitoshi. Seli ulizobakiwa nazo leo ndo mashine itakazozitumia kesho.

Mzee ambaye familia inasema anajifanya hasikii: mpime, safisha nta, mpe mashine moja ya sikio lililo bora kama hela ni ya moja.

Anayeshawishiwa kwenda nje kuchomwa seli shina: muulize anayekushawishi jaribio limesajiliwa wapi, nani anasimamia maadili, na kwa nini mgonjwa analipa. Akisema ni utafiti unaofanyika hapa Tanzania, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na NIMR wanatakiwa kuwa wanaujua, nenda ukaulize.

Na anayetaka kweli kuwa tayari siku seli shina zikifunguliwa kwa watu wengi: tunza karatasi zako. Kila kipimo cha usikivu na tarehe yake, ugonjwa uliosababisha, dawa ulizotumia, na kama upo uwezo, kipimo cha jeni. Majaribio yanachagua watu kwa kuangalia kama ni seli zilizokufa au ni neva, na tangu lini, na mtu wa Tukuyu mwenye faili la miaka kumi anajibu maswali hayo siku hiyohiyo.